Bibi Aliyepona Bila Kibali

Katika nchi moja ambayo kwenye ramani huangukia palepale anapoweka kidole gumba yule aliyeishika, alikuwako muuguzi aitwaye Kidawa. Alikuwa na umri wa miaka arobaini na minne, na ishirini na mmoja kati ya hiyo alikuwa ameimalizia Wodi ya Sita ya Hospitali Kuu ya Huruma, akiwageuza watu wasioweza kujigeuza. Kazi hiyo aliijua hasa. Aliweza kumgeuza mtu mzima wa kilo tisini kwa mkono mmoja na goti moja, huku mkono wa pili ukijaza fomu ya kuthibitisha kwamba mtu huyo amegeuzwa.

Nchi hiyo ilisifika kwa upole. Ilikuwa na Wizara ya Huruma, na Wizara ilikuwa na Idara ya Pole, na Idara ya Pole ilikuwa imetoa mwongozo wa kurasa sitini unaoeleza namna ya kumpa mgonjwa pole: kichwa kiinamishwe kidogo upande wa kushoto, sauti ishushwe, na macho yasikae usoni pa mgonjwa zaidi ya sekunde tatu, kwa kuwa yakizidi hapo hayo yanakuwa mazungumzo. Kidawa alikuwa akisema pole kama mia mbili kwa siku. Katika mwaka wa kumi na moja wa kazi yake aligundua kwamba anapolisema neno hilo hasikii kitu chochote ndani. Hakushtuka. Alilitambua jambo hilo kama mtu anavyotambua kwamba jokofu limeacha kunguruma. Akangoja kidogo aone kama litawaka tena, kisha akaenda kubadilisha shuka za kitanda cha tatu.

Taratibu zilikuwa nyingi, na zote nzuri. Kwa mujibu wa Amri ya Heshima, aliyelala humwamkia aliyesimama. Umri haukuhesabiwa, kwa sababu umri, Wizara ilifafanua, ni mambo ya nyumbani. Basi kila asubuhi wazee wenye wajukuu na vitukuu waliinua shingo kwenye mito yao wakamwambia Kidawa, "Shikamoo, Sista," naye akawaitikia, "Marahaba," bila kupunguza mwendo. Zamani, wiki za mwanzo, jibu hilo lilikuwa likimkwama kooni. Sasa lilitoka lenyewe, kama kikohozi.

Tena, mgonjwa hakuruhusiwa kutaja hali yake. Hali yake ilitajwa na muuguzi, kwa wingi. "Tumeamkaje leo? Tumelala vizuri. Hatuna maumivu. Uji tumeupenda." Mgonjwa aliyebisha aliandikwa kuwa amechanganyikiwa. Muuguzi naye hakubishana na daktari, daktari hakubishana na Mganga Mfawidhi, Mganga Mfawidhi hakubishana na Katibu wa Wizara, na Katibu hakubishana na Waziri. Waziri ndiye asiyekuwa na mtu wa kumbishia kitu, na ilisemekana alikuwa mpweke sana.

Kwenye kitanda namba tisa alilala Bi. Nyamizi, fahari ya hospitali.

Bi. Nyamizi alikuwa na miaka sitini na saba, na maisha yake yote alikuwa mchoma matofali. Kiharusi kilimwangusha mbele ya tanuri lake, akaletwa hospitali juu ya mkokoteni wa matofali, na matofali mengine yakiwa bado humo. Hiyo ilikuwa miaka mitatu iliyopita. Mwaka uleule wa kwanza, Waziri wa Huruma alikuja kuadhimisha Siku ya Huruma, akaketi ukingoni mwa kitanda namba tisa, akamlisha bibi huyo vijiko vitatu vya uji. Mpiga picha wa Wizara akasema hajawahi kuona uso unaopokea vizuri namna ile. Picha ikawekwa kwenye kalenda, kwenye stempu, na nyuma ya madaftari ya shule. Bi. Nyamizi akatunukiwa cheo cha Mtunzwa wa Taifa, na tangu hapo kila mwaka Waziri alirudi na kijiko.

*

Kila asubuhi, saa moja na nusu, watumishi wote wa hospitali walipanga mstari uani wakaimba Wimbo wa Huruma, beti saba, dakika kumi na nne. Wagonjwa walibaki wodini peke yao, wakisikiliza jinsi wanavyopendwa.

Asubuhi moja Kidawa alisahau kofia yake. Kuimba bila kofia lilikuwa kosa, basi katikati ya ubeti wa nne akachomoka mstarini akarudi wodini. Akamkuta Bi. Nyamizi amesimama dirishani. Kiganja kimoja alikuwa amekibandika ukutani, kama fundi anayepapasa tofali kujua kama limekauka.

"Shikamoo," akasema Kidawa. Lilimtoka kabla hajalifikiria.

"Marahaba, mwanangu," akaitikia Bi. Nyamizi bila kugeuka. "Usipige kelele. Nikigeuka haraka nitaanguka."

Kidawa akabaki mlangoni. Huko nje waimbaji walikuwa wameingia kiitikio.

"Tumesimama," akasema hatimaye.

"Mimi ndiye niliyesimama. Wewe umesimama siku zote."

"Tangu lini, Bibi?"

"Tangu mvua za vuli. Mkitoka kwenda kuimba, mimi naanza kazi. Ubeti wa kwanza nakaa. Wa pili nashusha mguu huu mzima, wa tatu nauvuta huu mkaidi. Wa sita narudi. Mkimaliza mnanikuta nimelala, nawaamkia." Akapumua. "Mngeongeza ubeti mmoja tu, ningefika chooni."

Kidawa akamsogelea, akamshika kiwiko, kwa kuwa mikono yake haikujua kufanya jingine. Bi. Nyamizi akamwacha amshike, ila hakumwegemea.

"Nataka kwenda kwangu," akasema. "Tanuri langu limekaa miaka mitatu bila moto. Na nataka kujitawaza mwenyewe, Sista. Hilo ndilo kubwa. Wewe hujawahi kutawazwa na mtu, tangu uache kubebwa mgongoni. Hujui kwa nini huwa nafumba macho."

Kidawa kweli hakujua. Miaka yote mitatu alidhani bibi anasinzia.

Fomu ya asubuhi ilikuwa na swali moja tu: Je, kuna mabadiliko? Kwa miaka ishirini na mmoja Kidawa alikuwa amejaza, Hakuna. Siku hiyo aliketi na kalamu, akautazama mkono wake ukiandika, Yapo. Baadaye alipoulizwa kwa nini, alisema hajui, na alikuwa mkweli. Yalikuwapo.

*

Daktari Mafwimbo, Mganga Mfawidhi, alikuwa na kiti kinachozunguka, na mbele yake kigoda kifupi cha wageni, ili kila anayezungumza naye amwone kwa chini. Kidawa akakaa kigodani. Daktari aliisoma fomu mara mbili, akaigeuza nyuma kuona kama kuna maelezo yanayofuta yale ya mbele.

"Siku ya Huruma ni lini?" akauliza.

"Zimebaki siku tisa, Daktari."

"Na nani alimruhusu?"

"Kusimama? Hakuna aliyemruhusu."

"Amepona bila kibali," akasema Daktari taratibu, kama mtu anayesoma jina la ugonjwa mpya. Akaagiza Afisa Ustawi aitwe mara moja.

Afisa Ustawi, Bwana Chambeche, alifika na faili kifuani kama mtu anayebeba mtoto. Kazi yake ilikuwa kuwatembelea raia na kuwapima unyonge, na bila sahihi yake hakuna mtu aliyetambuliwa kuwa anahitaji chochote. Alilisikiliza jambo hilo akiwa amefumba macho, kisha akaeleza sheria.

Kibali cha kupona, alisema, huombwa na ndugu wa mgonjwa, hujadiliwa na Kamati ya Vibali, na Kamati haikai mpaka itimie akidi ya wajumbe watano. Haijakaa tangu mwaka juzi. Mwenyekiti wake amelazwa humuhumu, Wodi ya Nne. Amepona zamani, ila anangoja kikao.

"Kwa hiyo kisheria," akauliza Daktari Mafwimbo, "bibi huyu anaweza kutembea au hawezi?"

"Hawezi," akajibu Bwana Chambeche. "Anachokifanya ni kutembea bila uwezo. Ni hatari sana kwake. Inabidi alindwe."

Daktari alifurahi kupata neno hilo. Akaagiza mambo mawili papo hapo: Mtunzwa wa Taifa afungwe shuka ya usalama kitandani, na wauguzi waimbe kwa zamu ili wodi isibaki tupu hata kwa ubeti mmoja. Kisha akazungusha kiti chake, akamtazama Kidawa kwa upole ulioelekezwa na mwongozo.

"Sista Kidawa, usiniangalie hivyo. Huruma ni nidhamu. Fikiria kwa akili yako ya kiuguzi: mgonjwa akijisaidia mwenyewe, sisi tutamsaidia nani? Tutabaki watu wa kawaida tu, tumevaa makoti."

"Ndiyo, Daktari," akasema Kidawa.

Alikuwa hamwangalii kwa namna yoyote. Uso wake ndivyo ulivyokuwa.

*

Shuka ya usalama hukunjwa mara tatu, hupitishwa juu ya mapaja, hufungwa chini ya chaga ya kitanda ambako mkono wa mgonjwa haufiki. Kidawa alikuwa amewafundisha wauguzi chipukizi zaidi ya mia namna ya kulifunga fundo lake.

"Tunajifunga kidogo, Bibi, kwa usalama wetu."

Bi. Nyamizi hakupigana. Alimwangalia tu akifunga.

"Wewe mwenyewe unaona ni sawa?"

"Mimi sioni kitu, Bibi. Mimi nafanya."

"Ukiwa unafanya, huoni?"

"Pole sana," akasema Kidawa, kichwa kikielekea kushoto.

Siku zikapita. Kidawa aliifahamu miili ya wazee kuliko anavyofahamu ndugu zake, na alijua kitakachofuata. Mguu wa mtu wa miaka sitini na saba, uliokwisha kuugua, ukifungwa wiki moja huanza kusahau. Ukifungwa wiki mbili husahau kabisa. Siku ya Huruma ikishapita, shuka ingefunguliwa kwa heshima zote, na chini yake pasingekuwa na haja tena ya kufunga. Aliyajua hayo kama alivyoijua ratiba ya chakula. Alikwenda nayo nyumbani, akarudi nayo, na hayakumzuia kula.

Siku ya nne alipoinua shuka aliona unyayo wa mguu ule mkaidi umeanza kuning'inia.

"Nilichojenga miezi mitano," akasema Bi. Nyamizi, "unakibomoa kwa kitambaa." Hakusema kwa hasira. Alisema kama fundi anayemwonyesha mwenzake ufa.

Siku ya tano Kidawa alileta beseni, sabuni na kitambaa, akavuta pazia, akaanza kumsafisha kama kila siku. Akainua macho. Bi. Nyamizi alikuwa amefumba yake, kwa nguvu, mpaka ngozi ya kope imekunjamana. Midomo ilikuwa ikitembea; alikuwa akihesabu kitu. Kidawa akasimama na kitambaa kinachodondosha maji mkononi. Alingoja huruma imjie, lakini haikuja. Kilichomjia ni uchovu wa mkono ule mmoja tu, ulioshika kitambaa. Mwili wote uliobaki ulikuwa sawa.

Akakiweka kitambaa kiganjani mwa bibi. Akaifungua shuka. Akageuka, akautazama ukuta.

"Mimi naangalia ukutani," akasema. "Ukimaliza, niambie."

Ilichukua muda mrefu kuliko kawaida, na maji yalimwagika. Kidawa aliusoma ukuta wote. Palikuwa na mstari wa rangi ya kijani, na chini yake mstari wa rangi ya kijani iliyofifia.

"Nimemaliza," ikasema sauti ya Bi. Nyamizi. Haikuwa ileile aliyoizoea.

Kuanzia siku hiyo Kidawa alilifunga fundo jingine, la maonyesho, linaloonekana kama fundo ila ukivuta ncha yake moja linaachia lote. Akaomba zamu zote za kubaki wodini wakati wa wimbo. Wenzake walimshukuru, maana ubeti wa saba ulikuwa na sauti ya juu sana. Kila asubuhi, kwa dakika kumi na nne, alisimama akiutazama ukuta, na nyuma yake akasikia miguu miwili, mmoja ukitua na mwingine ukiburuzwa, na siku zilivyokwenda ule wa kuburuzwa nao ukaanza kutua. Hakujiambia kwamba anafanya jambo jema. Alijiambia kwamba anaangalia ukuta.

*

Siku ya Huruma wodi ilipakwa rangi mpaka kimo cha kamera. Wagonjwa wenye nyuso zisizopokea vizuri walihamishiwa stoo. Kwaya ilipangwa penye mlango wa choo, na kijana wa itifaki akapewa kibao chenye neno MAKOFI.

Waziri wa Huruma alikuwa mtu mfupi, mnene wa mashavu, mwenye suti ya rangi ya maziwa. Alisimama kati ya vitanda akahutubia.

"Ndugu wananchi, mliosimama na mliolala! Nchi nyingine zina dhahabu. Nyingine zina mafuta. Sisi Mungu ametujalia wanyonge! Na nawaahidi leo, mbele ya bibi yetu huyu, kwamba serikali yenu sikivu haitalala usingizi mpaka kila mwananchi, wa mjini na wa shamba, atakapokuwa anahitaji msaada!"

Kibao kikainuliwa. Watu wakapiga makofi. Daktari Mafwimbo alipiga mpaka miwani ikamteleza puani.

Kisha Waziri akaketi ukingoni mwa kitanda namba tisa. Kidawa, kwa kuwa ndiye muuguzi wa kitanda, alisimama ubavuni kwake ameshika bakuli. Kijiko cha kwanza kikaenda, Bi. Nyamizi akapokea. Cha pili kikaenda. Mpiga picha akaomba kirudiwe, kikarudiwa. Waziri alipochota cha tatu, Bi. Nyamizi aliupeleka mkono pembeni, akavuta ncha ya shuka, akakaa. Akateremsha mguu mmoja, halafu wa pili. Akasimama.

Hakuna aliyewahi kujua kwamba ni mrefu vile. Kwenye faili lake palikuwa na urefu wa kitanda tu. Waziri, pale alipoketi, alikuwa akimtazama kwa chini kama mgeni kwenye kigoda.

Bi. Nyamizi akakichukua kijiko mkononi mwa Waziri, kwa mkono wa kulia na kwa adabu. Akakipuliza kipoe. Akakipeleka mdomoni kwa Waziri.

"Kula, baba," akamwambia. "Tangu asubuhi unahangaika na watu."

Waziri akafungua mdomo.

Kijana wa itifaki alikuwa akiisoma ratiba kwa haraka, jasho likimtoka. Ratiba ilisema: Kijiko cha tatu kikiingia mdomoni, makofi. Haikusema mdomo wa nani. Akainua kibao. Watu wakapiga makofi, kwaya ikalipuka kwa ubeti wa kwanza, na televisheni ya taifa ikarusha yote moja kwa moja mpaka vijijini.

Katika kelele hizo Waziri alimeza. Macho yake yalikuwa yamelegea kama ya mtu aliyekumbuka nyumba ya utotoni. Akasema neno moja, kwa sauti ndogo, na aliyelisikia ni Kidawa peke yake.

"Kingine."

Alikula bakuli zima. Kisha akajikumbuka, akapangusa mdomo, akatoka bila kusindikizwa, na kwa siku tatu Wizara haikujua alipo.

*

Tume ya Uchunguzi iliketi kesho yake, ofisini kwa Daktari Mafwimbo. Wajumbe walikuwa Daktari mwenyewe, Bwana Chambeche, na karani wa kuandika. Magazeti yalikuwa yamekwisha kuchapa picha ile, ila yaliikata vizuri, ukabaki mkono na kijiko tu.

Mbele ya Kidawa ziliwekwa karatasi mbili.

"Sista," akaanza Daktari, "tunakuita hapa kwa upendo. Karatasi ya kwanza inasema kwamba wewe, kwa utaalamu wako, ulimnyanyua mgonjwa kwa nyuma, kama sehemu ya onyesho lililoandaliwa na Wizara. Ukitia sahihi, kuanzia kesho wewe ni Msimamizi wa wodi zote. Utapewa kiti kama hiki." Akakizungusha kidogo ili aone. "Bibi atarudishwa kitandani, ahudumiwe maisha yake yote. Na fundo, safari hii, utalikagua wewe mwenyewe."

"Na ya pili?" akauliza Kidawa.

Bwana Chambeche akafungua faili. "Ya pili inasema alisimama mwenyewe. Hiyo ni mbaya kwa kila mtu. Mtu aliyepona mbele ya taifa zima bila kibali hatambuliki tena kuwa mgonjwa. Anafutwa kwenye daftari, anatolewa nje ya lango bila hata fimbo. Na muuguzi aliyemwona akipona akanyamaza, huyo ana ugonjwa."

"Ugonjwa gani?"

"Upungufu wa Utii. Unalazwa."

"Ni kwa faida yako," akaongeza Daktari. "Sasa tuambie. Nani alimsimamisha?"

Kidawa akajitazama ndani. Alitafuta woga, hakuuona. Akatafuta ujasiri, nao haukuwapo. Chumba kizima cha moyo wake kilikuwa kitupu na kimefagiliwa, na katikati yake palikuwa na kitu kimoja tu alichokiona kwa macho yake.

"Alisimama," akasema.

"Kwa msaada wa nani?"

"Wa miguu."

Karani akaandika, Miguu, akauliza kama ni jina la kwanza au la ukoo. Daktari Mafwimbo akavua miwani. Akainamisha kichwa kidogo upande wa kushoto, akashusha sauti.

"Pole sana, Sista," akasema, na baada ya sekunde tatu akaangalia pembeni.

*

Bi. Nyamizi alitolewa langoni mchana uleule. Kidawa alilazwa Wodi ya Nne. Kwenye kitanda cha jirani alikuwamo Mwenyekiti wa Kamati ya Vibali, mama mnene mwenye adabu, ambaye alimkaribisha na kumweleza kwamba akidi ni watu watano.

Asubuhi alikuja muuguzi wa zamu, binti wa miaka ishirini na mitatu ambaye Kidawa mwenyewe ndiye aliyemfundisha kazi.

"Shikamoo, Sista," akasema Kidawa, kichwa kikiwa juu ya mto.

"Marahaba," akaitikia binti bila kupunguza mwendo. "Tumeamkaje leo? Tumelala vizuri."

Alifanya kila kitu sawasawa. Alivuta pazia, akaleta beseni, akamgeuza Kidawa kwa mkono mmoja na goti moja, ijapokuwa Kidawa aliweza kabisa kugeuka. Kidawa alipojaribu kukishika kitambaa, binti aliutoa mkono wake taratibu akauweka ubavuni, mahali pake. Kidawa akafumba macho. Akahesabu. Alifika mia nne na kumi.

Siku ya kumi na mbili, saa ya kutazama wagonjwa, Bi. Nyamizi aliingia wodini kwa miguu yake. Alikuwa na gongo la mti alilolichonga mwenyewe, na udongo mwekundu mpaka kwenye viwiko. Hakuna aliyemzuia mlangoni. Kwa kuwa amefutwa kwenye daftari, hakuna aliyekuwa na wajibu wa kumwona. Akaketi kwenye kiti, akapumzika kwanza.

"Mbona umelala?" akauliza.

"Nimelazwa."

"Unaumwa nini?"

"Utii umepungua."

Bi. Nyamizi akalifikiria hilo. "Miguu je?"

"Ipo."

"Basi shuka."

Kidawa akatazama mlango, akatazama dari, akamtazama Mwenyekiti kitanda cha jirani. Alikuwa akingoja mtu aseme ndiyo. Mwisho alitoa mguu mmoja kwenye shuka akauweka sakafuni, kisha wa pili.

"Akidi haijatimia," akasema Mwenyekiti kwa upole.

"Najua, mama."

"Nilikuwa nakukumbusha tu." Mwenyekiti akavuta shuka yake kifuani, lakini shingo yake iliwafuata mpaka walipotoka mlangoni.

Walikwenda polepole. Siku kumi na mbili za kutunzwa zilikuwa zimemla Kidawa magotini, basi alimshika Bi. Nyamizi mkono, naye Bi. Nyamizi, ambaye mguu wake mkaidi haukupenda sakafu ya kuteleza, alimshika Kidawa. Hivyo ndivyo walivyofika langoni.

Mlinzi alifungua daftari lake. Alikuwa mtu wa makamo, mwangalifu wa kazi.

"Mgonjwa hatoki bila mtunzaji," akasema. Akamtazama mmoja, akamtazama mwingine: mmoja ana gauni la hospitali na viatu vya kazi, mwingine ana gongo na udongo. "Naomba mniambie, nani kati yenu anamtunza mwenzake?"

Wakatazamana.

"Andika unavyoona," akasema Bi. Nyamizi.

Mlinzi aliwaangalia muda mrefu sana, tena kwa bidii, kalamu ikiwa juu ya karatasi. Alizunguka akawaangalia kwa upande wa pili. Mwishowe akafunga daftari bila kuandika, akainua kizuizi, akageuza uso kama aliyeitwa.

Nje kulikuwa na barabara ya vumbi na jua la saa kumi. Walipita ukuta wa hospitali wote, na ulikuwa mrefu.

"Kwangu hakuna wa kukuhudumia," akasema Bi. Nyamizi njiani. "Nakwambia mapema. Utachota maji, utakanyaga udongo. Matofali ya kwanza yatakupasukia, utafanya mengine. Mimi sitakuuliza umeamkaje."

"Sawa."

"Na ukichoka, useme. Mimi sitakusemea."

Kidawa akatembea hatua kama kumi. Akasimama. Alikuwa na sura ya mtu anayelitafuta neno la lugha aliyoisoma shuleni zamani.

"Nimechoka," akasema.

"Basi kaa," akasema Bi. Nyamizi, naye akaketi kando yake majanini, akaliweka gongo mapajani, wakakaa hapo wawili bila kupeana pole.